Binti yangu amepata shule kijijini Norwei. Tumruhusu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa Tanga. Binti yangu amemaliza kidato cha nne, ana miaka 17, na kamati ya UWC (United World Colleges, mtandao wa shule za kimataifa) ya hapa nchini imemchagua kwenda kusoma miaka miwili Norwei kwa ufadhili. Tulifurahi sana mpaka tulipoitafuta shule kwenye ramani. Iko Flekke, kijijini kabisa, milima na maji tu. Baba yake anasema kama ni Ulaya basi mtoto aende mjini, maana kijiji hata Handeni kipo. Sisi ni Waislamu, binti anavaa hijabu, na ni mpole mno, hasemi. Ndoto yake ni udaktari. Naogopa baridi, giza, chakula, na akiugua nani atamwona. Na cheti chake kitatambulika nyumbani? Naomba ushauri wako.

JIBU: Marahaba mama, na hongera kwa binti. Nafasi hizi zinagombewa na vijana wengi wenye alama nzuri, na kamati haziangalii alama peke yake, kwa hiyo kuna kitu wamekiona kwake.

Kwa ufupi: mwacheni aende, mradi mambo mawili yawekwe sawa kabla hajapanda ndege. La kwanza ni masomo atakayochagua, kwa sababu ndoto ya udaktari inaweza kukwama hapo hapo pasipo mtu yeyote kukusudia. La pili ni lile neno ulilolipitia haraka kwenye barua yako: "hasemi". Baridi na giza vina dawa yake, na nitaieleza. Ila mtoto asiyesema, kwenye shule ndogo iliyo mbali na kila kitu, ndiye anayenipa wasiwasi mimi.

Nianze na baba, maana hofu yake ina haki. Shule yenyewe inaitwa UWC Red Cross Nordic. Si shule ya kijiji iliyoamua kupokea wageni wawili watatu. Ni shule ya bweni iliyojengwa pale makusudi na kufunguliwa mwaka 1995, na ni moja ya shule 18 za UWC, mtandao ulioanzia Wales mwaka 1962. Mwenzake mmoja mnaye hapa hapa nchini: UWC East Africa, yenye kampasi Moshi na Arusha. Flekke wanafunzi ni kama 200, wa umri wa binti yako, kutoka nchi zaidi ya 80. Wanaishi kwenye nyumba tano zilizopewa majina ya nchi za Nordiki, yaani nchi za kaskazini mwa Ulaya, chumba kimoja wanalala wanne au watano, na wanakula pamoja kwenye jengo wanaloliita Kantina. Upande wa pili wa uwanja kuna kituo cha utengamao cha Haugland, cha Msalaba Mwekundu, ambako wagonjwa wanafanyiwa mazoezi ya kurudisha nguvu za mwili. Kwa msichana anayetaka udaktari, kuishi miaka miwili ukutani kwa kituo kama hicho, na wanafunzi kujitolea ni sehemu ya masomo yao, ni jambo ambalo mjini asingelipata kirahisi.

Faida ya kijiji kwa kijana wa miaka 17 ni kwamba watu wazima wako karibu. Walimu wengi wanaishi hapo hapo au jirani. Mjini, mwanafunzi akitoka darasani saa kumi anapotelea kwenye treni na hakuna anayejua amekula nini. Flekke asipoonekana chakula cha jioni, wenzake wa chumbani wanajua. Hata uhalifu na vishawishi vya mji mkubwa viko mbali.

Lakini sitaficha upande wa pili. Duka la maana liko Dale, mji mdogo wa manispaa ya Fjaler. Mji wenye hospitali kubwa ni Førde. Bergen ni safari ya kama saa tatu kwa gari na kivuko. Mabasi ni ya kuhesabu, hasa mwisho wa wiki. Maana yake ni kwamba shule ndiyo dunia nzima. Akikorofishana na mwenzake wa chumbani, atakutana naye darasani, atakutana naye Kantina, na usiku watalala chumba kimoja. Hakuna shangazi wa kumkimbilia Jumamosi. Na hapo ndipo upole unapogeuka mzigo.

Naomba hili ulisome pamoja na baba yake. Sisi tunalea mtoto ambaye adabu yake ni kunyamaza mbele ya wakubwa, kisha mkubwa ndiye anayemwona. Akipooza, mwalimu anauliza, "Una nini wewe leo?" Akishuka darasani, anaitwa ofisini. Mtoto hana kazi ya kujieleza, watu wanamsoma usoni. Norwei mambo yako kinyume. Mtu mzima mwenye heshima hamfuatifuati kijana, kwa sababu kule kumfuatafuata mtu ni kumwingilia. Anasubiri kijana aje mwenyewe. Kwa hiyo aliyenyamaza anahesabiwa kuwa yuko sawa.

Nikupe mfano wa jinsi inavyokuwa. Msichana anapata alama mbaya kwenye jaribio la kemia. Mwalimu anamwandikia pembeni ya karatasi: ukitaka, njoo tuzungumze. Mwenzake kutoka Denmark anaelewa kwamba ameitwa, anakwenda siku hiyo hiyo. Wetu anasoma lile "ukitaka" na kuamua kwamba si lazima, na kwenda ni kumsumbua mwalimu. Jaribio la pili linakuwa baya zaidi. Sasa ana aibu, ndiyo kabisa haendi. Yote haya mwalimu haoni tatizo, maana alishafungua mlango.

Wanafunzi wengi niliowaandaa kwa safari za namna hii hawapati shida mwanzoni. Agosti hadi Oktoba kila kitu ni kipya. Ni Novemba ndipo panapouma: mvua kila siku, jua limeanza kukimbia, kazi za shule zimerundikana, na marafiki wa wiki ya kwanza wameshajigawa makundi. Na kuna jambo jingine linalowafunga midomo watoto wa ufadhili hasa. Wanaona kwamba kwa kuwa wamesomeshwa bure, kulalamika ni kukosa shukrani. Mtoto analala na blanketi lisilotosha kwa sababu ameona kuomba la pili ni tamaa. Kisha anapiga simu nyumbani na sisi tunamalizia kazi kwa neno moja: "Vumilia, mwanangu."

Kwa hiyo mfundisheni kusema kabla hajaondoka, na mafunzo hayo yafanyike Tanga. Safari hii ina mizunguko mingi ya ofisi: RITA, Uhamiaji, benki, shuleni kuchukua vyeti. Kila ofisi mtakayoingia, wewe kaa kwenye benchi, yeye aende dirishani. Akijibiwa vibaya, arudi tena yeye, usiinuke. Ataanza kwa kunong'ona, na pengine atarudi mikono mitupu mara ya kwanza. Mwache. Miezi michache ya madirisha ya ofisi za Tanga itamsaidia kuliko semina yoyote.

Halafu mwambieni, baba na mama mkiwa mmeketi pamoja, tena kwa maneno yaliyonyooka, kwamba kumwambia mwalimu "sielewi", "naumwa", "nasikia baridi" au "huyu ananisumbua" si utovu wa adabu na wala si kukosa shukrani. Akisikia kwa mama peke yake, atadhani baba angechukia. Lazima ruhusa itoke kwenu wawili. Shuleni kila mwanafunzi anapewa mtu mzima wa kumlea, mbali na wasimamizi wa nyumba na muuguzi. Wiki ya kwanza awatumie majina ya watu hao watatu. Asipoweza kuyataja, mjue bado hajawafikia.

Kuhusu simu. Ukimuuliza "habari za huko" atakujibu "nzuri", maana ndivyo tulivyozoea kujibu hata nyumba ikiungua. Muulize leo amekula nini, na amekula na nani. Muulize amecheka na nani wiki hii. Jibu la "na nani" likichelewa mara mbili mfululizo, hapo uliza zaidi. Pangeni siku moja au mbili za wiki na mzishike. Saa zetu ziko mbele yao kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi, kwa hiyo hakuna taabu ya kuamshana usiku. Ila simu ya kila jioni ya saa nzima haimsaidii. Itamfanya abaki chumbani akiwa Tanga kwa masikio, wakati wenzake wako sebuleni wanazoeana.

Sasa giza na baridi. Flekke iko kwenye latitudo ya 61 kaskazini, lakini ni pwani, na mkondo wa maji ya uvuguvugu wa Atlantiki unaizuia isigande kama sehemu za ndani. Baridi ya Januari huchezacheza kwenye nyuzi sifuri. Kinachochosha zaidi ni mvua, maana magharibi ya Norwei ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kabisa Ulaya. Anahitaji koti lisilopitisha maji, viatu visivyopitisha maji, na nguo za ndani za sufu. Msihangaike kumnunulia makoti mazito hapa. Hayasaidii kwenye mvua, na yatamaliza kilo za begi. Iulizeni shule kama wana nguo zilizoachwa na wanafunzi waliomaliza, ni jambo la kawaida kwenye shule za bweni za huko.

Giza lenyewe ni la kweli. Wiki ya tatu ya Desemba jua linachomoza karibu saa nne asubuhi na kuzama kama saa tisa na nusu alasiri, na milima inakula sehemu ya hapo. Mwili unasinzia, moyo unakuwa mzito, hata Wanorwei wenyewe wanahisi. Dawa ni kutoka nje kila siku mchana hata kama kunanyesha, kulala kwa saa, na vitamini D. Hili la vitamini nalisisitiza. Miezi ya baridi jua la kule ni dhaifu mno kwa ngozi kutengeneza vitamini D, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuliko nyeupe. Msichana mweusi aliyejistiri vizuri atapungukiwa haraka, na dalili zake, uchovu na maumivu ya mifupa, hufanana na zile za kumkumbuka mama. Wanorwei tangu zamani wanakunywa mafuta ya ini la chewa, wanayaita tran, kwenye kila mwezi wenye herufi "r" katika jina lake kwa Kinorwei, yaani Septemba hadi Aprili. Ni mafuta ya samaki, hayana shaka ya dini. Avumilie ladha yake, au atumie vidonge, baada ya kuzungumza na muuguzi.

Dini itamhitaji kupanga siku yake upya. Hijabu haina tatizo. Sheria ya Norwei tangu 2018 inakataza kufunika uso shuleni, yaani nikabu, haigusi hijabu. Msikiti Flekke hakuna, wa karibu ni wa mijini. Ugumu wa Desemba ni kwamba adhuhuri, alasiri na magharibi zinabanana ndani ya saa chache, zote wakati wa vipindi. Inabidi azungumze na walimu mapema kuhusu dakika zake chache na mahali pa kuswalia. Nadhani unaona tumerudi pale pale: lazima aseme. Ramadhani, kwa bahati nzuri, miaka hii inaangukia majira ya baridi na mwanzo wa machipuko, 2027 itaanza mapema Februari, kwa hiyo hatafunga zile siku za kaskazini ambazo jua halitaki kuzama. Daku ndilo la kupanga na watu wa jikoni.

Chakula ni mkate, mkate, halafu mkate. Jibini lao la kahawia lina utamu kama tofi, na watoto wetu ama wanalipenda au hawataki kuliona. Nyama, njia rahisi ni kula samaki na mboga, na kuuliza kila soseji, maana nguruwe ni kitu cha kawaida kule. Mfungashie viungo vya pilau vilivyokauka na pilipili. Samli, maziwa ya unga na nyama ya kukaushwa usimfungashie, haviruhusiwi kuingizwa kutoka nje ya Ulaya na vitachukuliwa forodhani mbele yake.

Akiugua, kuna muuguzi shuleni, daktari wa manispaa yuko Dale, hospitali iko Førde, na namba ya dharura ya gari la wagonjwa nchi nzima ni 113. Nina nyongeza mbili tu. Meno na macho vishughulikieni kabla hajaondoka, meno kule yanaweza kugharimu fedha nyingi na bima nyingi haziyagusi. Na la pili, akipata homa wiki au hata miezi baada ya kutoka nyumbani, aseme yeye mwenyewe kwa daktari: "Natoka Tanzania, nipimeni malaria." Daktari wa kijijini Norwei anaweza kufikiria mafua kwa siku mbili, na malaria haisubiri siku mbili.

Sasa masomo, na hapa mkae vizuri. Flekke hawafundishi mtaala wa NECTA. Wanafundisha Diploma ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa), miaka miwili. Mwanafunzi anachukua masomo sita, matatu ngazi ya juu na matatu ngazi ya kawaida. Anaandika insha ndefu ya utafiti yenye maneno hadi 4,000, anasoma somo la kutafakari jinsi tunavyojua tunayoyajua, na anafanya shughuli za kujitolea, sanaa na michezo. Alama za juu kabisa ni 45, na diploma haipatikani chini ya 24. Inatambulika karibu kila mahali duniani. Hapa kwetu inapelekwa NECTA kupewa ulinganifu kabla ya kuomba vyuo. Matokeo hutoka mapema Julai, kwa hiyo ombi la ulinganifu liende mara moja, dirisha la vyuo lisije likafungwa.

Tatizo liko kwenye udaktari. Vyuo vyetu kwa shahada ya udaktari wa binadamu vinataka fizikia, kemia na baiolojia, zote tatu, kama mtoto wa PCB. Mpangilio wa kawaida wa IB unamlazimu mwanafunzi achukue lugha mbili, somo moja la jamii, hesabu, sayansi moja, na la sita achague. La sita likiwa sayansi, anapata sayansi mbili. Ya tatu haina nafasi. Kuna kibali maalumu cha kubadili mpangilio pale chuo anachokusudia kinapodai masomo fulani, lakini kinaombwa mapema kupitia mratibu wa IB wa shule, kwa uthibitisho wa masharti ya chuo, na shule lazima iwe na uwezo wa kuipanga ratiba. Mwanafunzi akishachagua baiolojia na kemia na kuanza, kisha akakumbuka fizikia mwaka wa pili, amechelewa.

Mkae naye mwamue: udaktari wake ni wa kusomea nyumbani au popote? Kama ni nyumbani, kibali hicho ndicho cha kupigania wiki ya kwanza. Kama ni popote, mjue kwamba Marekani udaktari huanza baada ya shahada ya kwanza, na kwamba Norwei tangu 2023 inawatoza ada wanafunzi wa vyuo vikuu wanaotoka nje ya Ulaya. Wahitimu wengi wa UWC wamekuwa wakienda vyuo vya Marekani kwa msaada wa Davis, mpango wa ufadhili ulioanza mwaka 2000, na ni mlango mzuri. Lakini viza za Marekani hubadilika masharti kila mara, kwa hiyo msiweke mayai yote humo.

Kuna zawadi moja ndani ya IB ambayo wengi hawaijui. Lugha ya kwanza mwanafunzi anaweza kuchukua lugha yake mwenyewe hata kama shule haina mwalimu wake, akajisomea fasihi kwa usimamizi, ngazi ya kawaida. Kiswahili kimo. Binti yako anaweza kukaa kando ya fiodi, mkono wa bahari ulioingia kati ya milima, akichambua ushairi na tamthilia za Kiswahili na kupewa alama za diploma kwa kazi hiyo. Ila vitabu havipatikani Flekke. Aiulize shule orodha mapema na avinunue hapa, avibebe kwenye begi badala ya lile koti.

Aandaliwe pia kwa jambo la kunakili. Shule zetu nyingi zinamsifu mwanafunzi anayerudisha maneno ya kitabu kama yalivyo. IB inaliita hilo wizi, na adhabu yake inaweza kufika kunyimwa diploma. Kila sentensi iliyotoka kwa mtu mwingine lazima itajwe ilikotoka, hata ya intaneti. Watoto waaminifu kabisa wameingia matatani kwa kutolijua hili.

Nyaraka sitazirefusha. Hakikisheni jina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na pasipoti ni lile lile, herufi kwa herufi. Majina ya pwani yanaandikwa kwa namna nyingi, na tofauti ya "y" na "i" inaweza kuchelewesha kibali. Kibali cha kuishi kwa masomo kinatolewa na idara ya uhamiaji ya Norwei, UDI, na ubalozi wao uko Dar es Salaam. Kwa kuwa hajafika 18, idhini ya wazazi itahitajika kwa maandishi. Akichaguliwa kidato cha tano, msiiachie nafasi hiyo mpaka kibali kiwe mkononi. Ufadhili nao usomeni mstari kwa mstari: nauli imo? Bima? Fedha za matumizi? Na likizo ya Desemba, wasioweza kurudi nyumbani wanakaa wapi? Ni shule ya mchanganyiko, kwa hiyo ulizeni pia mpangilio wa nyumba na vyumba msikie kwa masikio yenu, badala ya kukisia kwa hofu.

Jambo dogo la njiani: Wanorwei hawasalimii wageni barabarani. Mtoto wa Tanga aliyezoea kusalimiana na kila anayepita ataona amechukiwa. Hajachukiwa. Asalimie tu, wengi wataitikia kwa furaha. Akikutana na neno la ubaguzi, hilo ni jambo jingine, alipeleke kwa msimamizi siku hiyo hiyo. Na kama hajui kuogelea, miezi iliyobaki ajifunze. Shule iko kando ya maji na michezo yao mingi ni ya majini.

Wiki hii mpeni kazi moja. Aandike barua pepe kwa shule: aulize kuhusu kibali cha sayansi tatu, kuhusu Kiswahili kama lugha ya kwanza, mahali pa kuswalia, na likizo ya Desemba. Aiandike mwenyewe, kwa Kiingereza chake, msimsahihishie. Wakichelewa kujibu, aandike tena.